Hati ya Kodi ya Nyumba na Lugha ya Wawelshi

Muhula uliopita Chama cha Mdahalo cha shule yetu kilijadili hoja hii: "Lugha hufia nyumbani, wala Halmashauri haiwezi kuiokoa." Mimi nilipangwa upande wa wapingaji. Nilipewa dakika tano, nikaanza kueleza habari za nchi ya Wales, na kabla sijafika nusu ya maelezo yangu mtunza saa akagonga meza. Kura zilipohesabiwa tulikuwa tumeshindwa vibaya. Mwalimu mlezi wa Chama akaniambia nisinune, bali niyaandike katika gazeti letu yale ambayo sikupata nafasi ya kuyasema. Basi nayaandika, na wazazi watakaosoma wataona kwamba watoto wao hawashindwi mdahalo kwa kukosa la kusema.

Kwanza yafaa tujue Wales ni wapi. Ni nchi ndogo yenye milima na mvua nyingi, mojawapo ya nchi nne za Ufalme wa Muungano, nayo imepakana na Uingereza yenyewe kwa upande wa mashariki. Watu wake wapata milioni 3. Lugha yao ya asili ni Kiwelshi, ambayo wenyewe huiita Cymraeg, na mtu ajuaye Kiingereza tu akiwasikia Wawelshi wawili wakizungumza haambulii kitu.

Zamani karibu nchi nzima ilisema lugha hiyo. Mwaka 1536 sheria ya Mfalme Henry VIII iliamuru kwamba mashauri ya mahakamani huko Wales yaendeshwe kwa Kiingereza, na kwamba mtu asiyetumia Kiingereza asipewe cheo cha serikali. Sheria hiyo haikumkataza mkulima kusema lugha yake shambani. Ilimwambia tu kwamba lugha hiyo haifiki mezani pa hakimu. Mwaka 1847 tume ya Waingereza watatu, wasiojua Kiwelshi, ilitoa taarifa juu ya shule za Wales, ikaitaja lugha ya wenyeji kuwa kizuizi cha maendeleo yao. Wawelshi waliudhika sana, na mpaka leo habari hiyo huitwa Usaliti wa Vitabu vya Buluu, kwa ajili ya rangi ya majalada yake.

Katika shule nyingi za karne ya 19 mtoto aliyesikika akisema Kiwelshi alivishwa shingoni kipande cha ubao. Naye alikuwa akisikiliza ili ampate mwenziwe mwenye kosa hilo hilo, amvishe yeye. Aliyebaki nacho mwisho wa siku ndiye aliyechapwa. Msomaji wa Afrika Mashariki hana haja ya kuelezwa sana jambo hili. Marehemu Ngũgĩ wa Thiong'o aliandika mwaka 1986 jinsi watoto wa Kenya walivyoadhibiwa kwa namna hiyo hiyo kwa kusema Kikuyu shuleni, na baadhi ya wazazi wetu wamevaa alama kama hizo wao wenyewe.

Hapa naomba msomaji avumilie tarakimu chache. Hesabu ya watu ya mwaka 1901 ilionyesha kwamba karibu nusu ya watu wa Wales walisema Kiwelshi. Mwaka 1911 wasemaji walikaribia milioni 1. Mwaka 2021 walikuwa 538,300, yaani 17.8 katika kila watu 100 wenye umri wa miaka mitatu na zaidi. Kwa hiyo wenzangu wa upande wa hoja walikuwa na haki ya kusema kwamba lugha hiyo imepungua. Tulipotofautiana ni katika swali la nani aliyeipunguza, na nani awezaye kuizuia isipungue zaidi.

Sasa nije kwenye hati ya kodi, ambayo ndiyo iliyonifanya niipende habari hii.

Karibu na mji wa Llanelli, kusini mwa Wales, kuna kijiji kiitwacho Llangennech. Katika miaka ya 1950 walikaa huko mume na mke, Bwana Trefor Beasley, mchimbaji wa makaa ya mawe, na Bibi Eileen Beasley, mwalimu. Wilaya yao ilikuwa ya watu wanaosema Kiwelshi, na madiwani pia walikisema. Lakini hati ya kudai kodi ya nyumba iliyotoka katika Halmashauri ya wilaya ilikuja kwa Kiingereza peke yake. Mwaka 1952 Bwana na Bibi Beasley waliandika barua, wakasema kwamba wako tayari kulipa, ila waletewe hati kwa Kiwelshi. Halmashauri ikakataa. Wao nao wakakataa kulipa.

Msomaji asidhani kwamba walikuwa matajiri waliotafuta jina. Walikuwa na watoto wadogo na mshahara wa mgodini. Waliitwa mahakamani zaidi ya mara kumi, na huko nako walitaka kesi isikizwe kwa Kiwelshi. Madalali wa mahakama walikuja nyumbani kwao zaidi ya mara moja, wakachukua vyombo ili viuzwe kufidia deni, na piano yao ikaenda pamoja na vyombo hivyo. Mambo haya yaliendelea kwa miaka minane. Mwaka 1960 Halmashauri ikawapelekea hati yenye lugha mbili, Kiwelshi na Kiingereza.

Naomba niingize neno la nyumbani kwetu. Nilipokuwa darasa la sita, Bibi yangu alipata barua ya Kiingereza kutoka ofisi moja kuhusu kiwanja chake. Bibi husoma Kiswahili vizuri kuliko mimi, hata magazeti humalizia matangazo ya vifo. Barua ile aliikunja akaiweka katika Msahafu, maana ilikuwa na muhuri mzuri na alidhani ni ya kumthibitishia kiwanja. Nilipokuja likizo akanipa nimsomee. Ilikuwa imempa siku 14 za kuleta maelezo yake, na siku hizo zilikuwa zimekwisha kitambo. Jambo lenyewe lilitengenezwa baadaye kwa taabu, lakini sijasahau jinsi alivyoniuliza, "Mjukuu wangu, hawa walimwandikia nani?" Niliposoma habari za Bibi Eileen nilielewa mara moja kwamba hakupoteza piano kwa sababu ya ukaidi. Alitaka ofisi iliyomwandikia imwandikie yeye.

Turudi Wales. Tarehe 13 Februari 1962 mwandishi Saunders Lewis alitoa hotuba katika redio, kichwa chake kwa Kiswahili chaweza kuwa "Majaaliwa ya Lugha." Aliitaja familia ya Beasley kuwa mfano. Shauri lake lilikuwa kwamba watu wafanye isiwezekane kuendesha kazi za serikali, ya mitaa na ya nchi, bila ya Kiwelshi katika sehemu zinazokisema. Mwaka huo huo vijana waliunda Chama cha Lugha ya Kiwelshi. Walikataa hati za mahakama za Kiingereza, wakapaka rangi vibao vya barabarani vya Kiingereza tupu, na wengi wakafungwa. Sheria zikaanza kubadilika polepole, mwaka 1967, kisha mwaka 1993. Sheria ya mwaka 2011 ikakipa Kiwelshi hadhi ya lugha rasmi nchini Wales na kuweka Kamishna wa lugha.

Chini ya sheria hiyo kila Halmashauri, nazo ni 22, imepewa kanuni za kufuata, na zilianza kutumika mwaka 2016. Nazitaja chache tu. Mtu akiandika barua kwa Kiwelshi hujibiwa kwa Kiwelshi, na jibu lisicheleweshwe kwa sababu hiyo. Akipiga simu husalimiwa kwa lugha zote mbili. Katika kibao kipya Kiwelshi huwekwa mahali ambapo jicho litakiona kwanza. Kazi mpya ikitangazwa ni lazima Halmashauri iamue kwanza kama mwenye kazi hiyo atahitaji kujua Kiwelshi. Mwananchi asiyetendewa hivyo aweza kumshitakia Kamishna, na Halmashauri yenye kosa yaweza kutozwa faini isiyozidi paundi 5,000. Faini si kubwa kwa Halmashauri, lakini aibu yake hutangazwa.

Mambo haya yana gharama, na yana vichekesho vyake. Mwaka 2008 Halmashauri ya Swansea ilitaka kibao cha kuyazuia malori makubwa kupita mtaa fulani. Maneno ya Kiingereza yakapelekwa kwa barua pepe kwa mfasiri. Jibu likarudi upesi kwa Kiwelshi, nalo likaandikwa kwenye kibao chini ya Kiingereza, kibao kikasimamishwa barabarani. Kumbe lile lilikuwa jibu linalojituma lenyewe mfasiri asipokuwapo! Wasomaji wa Kiwelshi waliopita pale waliarifiwa kwamba mwandishi hayuko ofisini kwa sasa, na kwamba kazi za kutafsiriwa zitumwe. Nilipolisema hili katika mdahalo watu walicheka wakadhani nimewapa hoja wapinzani wangu. Mimi naona ni kinyume. Katika mlolongo wote wa kukitengeneza kibao kile hakuwamo hata mtu mmoja aliyesoma Kiwelshi. Halmashauri ikitumia lugha kama pambo la kubandikwa mwishoni, hayo ndiyo yatakayotokea.

Halmashauri ya Gwynedd, kaskazini-magharibi, imekwenda njia nyingine. Huko watu 64 katika 100 husema Kiwelshi. Jina la Gwynedd lilipewa Halmashauri mwaka 1974 na siasa ya lugha mbili ilianza tangu hapo. Hii ya sasa, iliyoanza mwaka 1996, huendesha kazi zake za ndani kwa Kiwelshi. Karani humwandikia mkuu wake kwa Kiwelshi. Mkutano wa madiwani huwa kwa Kiwelshi, na diwani asiyekijua huvaa kifaa masikioni akasikia maneno ya mkalimani kwa Kiingereza. Tazama jinsi mzigo ulivyogeuzwa: kwingineko mwenye Kiwelshi ndiye hugeuza lugha yake ili asimsumbue mmoja asiyekijua, lakini hapa yule mmoja hukalimaniwa. Na kwa njia hiyo lugha hupata maneno ya bajeti, ya mifereji ya maji machafu na ya mikopo, kwa sababu watu wazima hubishana kwayo juu ya mambo hayo kila wiki. Tena mtoto wa Gwynedd huona kwamba lugha ya mama yake yaweza kumpatia kazi yenye mshahara.

Juu ya shule ningeweza kuandika gazeti zima. Huko Wales shule nyingi ziko chini ya Halmashauri, kwa hiyo nguvu kubwa kuliko zote iko hapa. Tarehe 1 Machi 1947, sikukuu ya Mtakatifu David, Halmashauri ya Carmarthenshire ilifungua Llanelli shule ya msingi ya kufundisha kwa Kiwelshi, ya kwanza kufunguliwa na Halmashauri. Ni Llanelli ile ile, mji jirani wa kina Beasley. Kumbe katika eneo moja mamlaka moja iliweza kumfundishia mtoto kwa Kiwelshi, na nyingine ikamnyima baba yake karatasi moja ya Kiwelshi. Mwaka 1956 Halmashauri ya Flintshire ikafungua shule ya kwanza ya sekondari ya namna hiyo, katika mji wa Rhyl. Wakati huo wengi waliamini kwamba Kiwelshi chafaa kwa mashairi na kanisani, lakini Sayansi na Hesabu hazifundishiki kwacho. Zilifundishika.

Gwynedd wana jambo jingine lililonipendeza. Familia nyingi huhamia huko kutoka Uingereza, na mtoto mmoja asiyejua Kiwelshi aweza kuligeuza darasa zima liseme Kiingereza kwa ajili ya adabu tu. Halmashauri iliweka vituo vya lugha, ambako mtoto mgeni hufundishwa Kiwelshi kwa bidii muda wa muhula hivi, kisha hurudi darasani akiwa na wenzake. Hakuna anayevishwa ubao shingoni. Na tangu mwaka 2013 sheria huitaka kila Halmashauri iandike mpango wake wa elimu ya Kiwelshi; mipango ya sasa, ya miaka kumi, ilianza Septemba 2022.

Matokeo yake? Kati ya mwaka 2011 na 2021 ni sehemu nne tu za Wales ambazo asilimia ya wasemaji wa Kiwelshi iliongezeka, na mojawapo ni jiji la Cardiff, ambalo kwa muda mrefu limehesabiwa kuwa jiji la Kiingereza. Huko madarasa ya Kiwelshi hujazwa hata na watoto ambao wazazi wao hawajui neno la Kiwelshi. Lakini Carmarthenshire, penye shule ile ya kwanza, wasemaji walishuka kutoka nusu ya watu mwaka 2001 hadi 39.9 katika 100 mwaka 2021. Jambo hili lilinisumbua sana nilipokuwa nikitayarisha hotuba yangu, kwa maana laonyesha kwamba shule peke yake haitoshi. Shule humpa mtoto lugha. Akikosa kazi na nyumba huko kwao atakwenda nayo Cardiff, au London ambako hatakuwa na wa kuzungumza naye.

Kwa hiyo nyumba nazo zimo katika habari ya lugha. Mfano mbaya kuliko wote ni wa kijiji cha Capel Celyn, katika bonde la Tryweryn. Halmashauri ya jiji la Liverpool, lililo Uingereza, ilitaka bwawa la maji. Mwaka 1957 ilipata sheria katika Bunge la London bila ya kuhitaji idhini ya mamlaka za mitaa za Wales. Kijiji ambacho watu wake wote walisema Kiwelshi kikafunikwa na maji, pamoja na shule yake, posta yake na kanisa lake; bwawa lilifunguliwa mwaka 1965. Liverpool iliomba radhi mwaka 2005. Na hiyo pia ni serikali ya mitaa, ila ilikuwa ya mtaa mwingine.

Siku hizi vijiji havifunikwi na maji, bali hununuliwa. Watu wenye fedha hununua nyumba za pwani na za milimani ili wakae wiki chache za kiangazi. Bei hupanda, kijana wa kijijini hushindwa, na wakati wa baridi madirisha huwa giza na shule hukosa watoto. Sheria imeziruhusu Halmashauri kuongeza kodi juu ya nyumba hizo za pili, kwanza hadi asilimia 100 kuanzia mwaka 2017, kisha hadi 300 kuanzia Aprili 2023. Gwynedd ilichagua 150 mwaka huo wa 2023. Yaani kama nyumba hutozwa paundi 2,000 kwa mwaka, mwenye kuitumia kwa mapumziko tu hulipa hizo 2,000 na nyingine 3,000 juu yake. Wenye nyumba hulalamika, na baadhi ya wenye maduka huogopa kwamba wageni watakwenda kwingine. Sidhani kwamba hofu yao ni ya kupuuzwa. Lakini duka la kijiji chenye watu wa Agosti peke yake nalo lina mashaka yake.

Katika mdahalo mwenzangu mmoja alisema, "Halmashauri haikai jikoni na mama." Ukumbi ulimpigia makofi, nami wakati huo sikuwa na jibu. Ni kweli haikai. Hapana diwani awezaye kumlazimisha mama kumbembeleza mtoto kwa lugha fulani. Ila mama huyo huyo jana alikwenda ofisini kulipia maji, leo asubuhi alimpeleka mtoto shule, na mwezi ujao ataomba nyumba au kazi. Kama kila mlango amekuta lugha yake haitakiwi, atakaporudi jikoni ataamua kumwepusha mwanawe na taabu hiyo, naye atakuwa ameamua kwa mapenzi. Hivyo ndivyo wazazi wengi wa Wales walivyofanya katika karne ya 20. Wengi wa waliolikubali jambo hilo walikuwa wakiijua lugha vizuri. Hawakuipenda kidogo kuliko wengine, walikuwa wamehesabu milango.

Sasa Bunge la Wales limeandika katika sheria ya mwaka 2025 kwamba nchi iwe na wasemaji wasiopungua milioni 1 ifikapo mwaka 2050, na sehemu kubwa ya kazi hiyo imewekwa juu ya Halmashauri na shule zake. Hesabu ya watu inayofuata inatazamiwa mwaka 2031. Wakati huo nitakuwa nimekwisha ondoka shuleni hapa zamani. Siku matokeo yatakapotangazwa nitatafuta kwanza ukurasa wa Carmarthenshire, nione kama ile 39.9 imepanda au imeshuka, kisha nitampelekea habari mwenzangu yule wa jikoni, popote atakapokuwa.